Bega Nililomsingizia Shangazi

Leo asubuhi nimekuna nazi mbili, zote kwa mkono wa kulia, na sikupumzika. Kwa mwenye mabega mazima hii si habari. Lakini wewe uliyeumia bega, uliyewahi kusimama mbele ya kamba ya nguo ukashindwa kuanika hata leso, wewe unajua nazi mbili ni kitu gani. Basi haya nakuandikia wewe. Nitakueleza bega langu lilivyokufa na lilivyofufuka, na nitakueleza uongo nilioutia ndani yake, maana bila uongo ule ningekuwa nimeshamaliza kusimulia.

Naitwa Saumu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini. Tangu kidato cha pili narusha mkuki. Ndiyo, mkuki. Wanaume wa mtaani wakiniona nimeubeba walikuwa wananiuliza, "Mwalimu, leo unawinda nguruwe au mchumba?" Nami nawajibu kwamba wote wawili wananikimbia. Niliupenda mchezo ule kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Ukiurusha mkuki sawasawa unajua kabla haujatua, mkono wenyewe unakwambia.

Bega lilianza kulalamika wakati wa vuli. Kwanza baada ya mazoezi tu, kisha nikifunga sidiria, kisha nikiandika ubaoni: nikifika mstari wa juu, chaki inaniponyoka na watoto wanacheka. Hospitali wakaniambia nipumzike miezi mitatu, nisirushe hata jiwe. Kocha wangu akasema hivyo hivyo. Mama yangu, anayejua nilizaliwa na kichwa cha aina gani, akanikalisha jikoni.

"Saumu, niahidi."

"Nakuahidi, mama."

"Niahidi huku unanitazama."

Nikamtazama, nikaahidi. Wiki ya sita likaja tangazo la mchujo wa timu ya taifa, Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na sikuwahi kuitwa hata mara moja. Kocha nikamdanganya kwamba hospitali wameniruhusu. Wazazi nikawaambia nakwenda semina ya walimu Korogwe, siku tatu. Nikanunua vidonge vya maumivu, nikameza viwili asubuhi na viwili tena nilipokwisha kufunga raba.

Mrusho wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kurusha, na mpaka leo nikiukumbuka natabasamu, Mungu anisamehe. Wa tatu, mkono ulipokuwa unapita juu ya sikio, nikasikia mlio ndani ya bega, ta!, kama kijiti kikavu kikikanyagwa. Mkuki ukaanguka hatua chache mbele yangu, ukalala ubavu. Nikauchukua mfuko wangu kwa mkono wa kushoto, nikaondoka bila kuaga mtu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga maneno. Nilipoingia nyumbani nimekumbatia kiwiko, mama akaachia mwiko. "Ehee! Umefanywa nini?"

"Niliteleza bafuni, mama. Nyumba ya wageni ile, sakafu ina sabuni."

"Korogwe?"

"Korogwe."

Basi. Uongo wenyewe ndio huo, maneno machache tu, wala sauti haikutetemeka. Mama akanipa pole na chai ya tangawizi, akampigia simu Shangazi Mize.

Shangazi Mize ni dada mkubwa wa baba. Bibi yangu alipofariki baba alikuwa mdogo, na dada yake ndiye aliyemlea, akamwogesha, akampeleka chuo cha Kurani. Anakaa Kigombe, na kuanzia Kigombe mpaka huku mjini ulikuwa ukitaja mikono ya Mize kila mwanamke anaijua. Alikuwa akikanda wazazi siku zao arobaini, akiogesha vichanga, akichua waliotenguka kifundo na wavuvi waliokamatwa na kiuno. Chupa yake ya mafuta ya nazi, aliyoyapika mwenyewe kwa karafuu, ilikuwa ikijulikana ikiwa bado mlangoni.

Na alikuwa na utaratibu wake. Hakuwahi kumgusa mtu kabla ya kuuliza maswali matatu. Linauma tangu lini? Umeanguka? Lililia? Ukisema lililia, yaani kiungo kilitoa mlio, Shangazi alikuwa anafunga chupa yake, anakufunga kitambaa, anakuambia uende hospitali. "Kiungo kilicholia sikigusi," ndivyo alivyosema kila mara. Mafundi wengi wa kuchua hawana simile hiyo. Yeye alikuwa nayo, na kwa miaka yote ile hakuwahi kumharibu mtu.

Alifika kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anakunja mikono ya baibui. Nikakaa kwenye kigoda, yeye nyuma yangu. Nikasikia harufu ya karafuu.

"Haya mwanangu. Linauma tangu lini?"

"Tangu juzi, Shangazi."

"Umeanguka?"

"Niliteleza bafuni."

"Lililia?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya moto. Nikisema lililia, Shangazi atauliza lililia vipi, na mama ana masikio. "Halikulia," nikasema.

Akaanza polepole, kwa viganja. Mikono ile ilikuwa inatafuta huku inauliza. Mara mbili ilisimama pale pale, juu ya mfupa, na mara mbili aliniuliza, "Una hakika, Saumu?" Nikasema nina hakika. Mtu aliyeteleza bafuni bega huwa limeshtuka tu, hunyooshwa. Basi akaushika mkono wangu, akaunyoosha, akaupandisha. Nilichokumbuka baada ya hapo ni sauti yangu mwenyewe, kisha dari, kisha mama ananimwagia maji usoni, na Shangazi amekaa sakafuni na mikono yake ameiweka mapajani, viganja juu, anayatazama yale mafuta.

Siku ya pili yake mkono haukunyanyuka kabisa. Ulikuwa unaning'inia tu, wangu lakini haunisikii. Baba akanipeleka hospitali.

Kama hujakaa bado kwenye benchi la kusubiri, nenda na kanga ya kukalia na kitu cha kutafuna, na usiende na mtu mwenye hasira. Baba alikuwa anazunguka na fimbo yake kama mtu aliyepotewa na mbuzi. Ndani, daktari alikuwa mtu mpole. Aliiangalia picha, akaniangalia mimi, akauliza, "Unacheza mchezo gani?"

"Sichezi."

"Mwalimu, hili ni bega la mtu anayerusha."

Nikamwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia ukweli, kwa kuwa alikuwa ameshaujua. Akanieleza kwamba kano limechanika, na kwamba kuchua hakuchani kano la namna ile. Pengine palikuwa pamebaki nyuzi chache, zikaishia mikononi mwa Shangazi. "Lakini kazi kubwa uliifanya mwenyewe. Wazazi wako hawajui?" Nikasema nitawaambia. Akasema vizuri, akaandika rufaa ya kwenda Moshi kwa upasuaji.

Nikatoka. Baba akasimama. "Wamesemaje?"

"Limechanika, baba. Itabidi nipasuliwe."

Nilikuwa na neno la pili mdomoni. Naapa nilikuwa nalo. Lakini baba hakulingoja. "Mize!" akasema kwa sauti, benchi zima likageuka. "Dada yangu mwenyewe kaniharibia mtoto! Wallahi, mkono wa Mize hautamgusa tena mtoto wa nyumba yangu, mpaka naingia kaburini!"

Mimi nilifanya nini? Nilikaa. Nilirekebisha kitambaa kilichoning'iniza mkono wangu shingoni, nikatazama miguu yangu. Kwenye benchi lile walikuwapo wanawake wawili wa Tongoni, jirani kabisa na Kigombe, na nilimwona mmoja akimfinya mwenzake. Kabla ya magharibi Kigombe nzima ilikuwa inajua kwamba Mize amemvunja bega mtoto wa nduguye.

Nilipasuliwa masika yanaanza. Kuhusu upasuaji sina la kukwambia, nililala nikaamka. La kukwambia ni yale ya baada yake, ambayo hakuna anayekuandaa nayo. Utalala umekaa, mto mgongoni na mwingine chini ya kiwiko, wiki nyingi. Shona magauni ya vifungo vya mbele mapema. Kwapa litanuka, usione haya, kuna namna ya kuinama mkono ukaning'inia ukapitisha kitambaa. Mkono utakonda. Mkono wangu wa mkuki, niliokuwa nauonea fahari, ulikuwa mwembamba kuliko wa mama, na ngozi yake ikawa ya mtoto. Nikiswali, kwenye takbira mkono mmoja tu ndio uliokuwa unafika sikioni. Mwingine ulibaki tumboni, na kila nikiuona umelala pale nilikuwa najua umelala kwa sababu gani.

Chumba cha mazoezi ya viungo, wenyewe tunapaita fizio, kilikuwa na benchi lake pia, na hapo Mungu alinipa Bi Shirin. Ni mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Tanga na babu yake mzaliwa wa Tanga, bega lake limeganda baada ya kuanguka. Tulikuwa tunakutana Jumatatu na Alhamisi. Alinifundisha kufunga kanga kwa mkono mmoja na meno. Siku moja akaniegemea, akaninong'oneza.

"Saumu, weye umeumiaje?"

"Niliteleza bafuni."

"Mie nimewaambia watu nimeanguka ngazini. Ngazi gani! Nilipanda stuli kumchungulia jirani anagombana na mkwewe, stuli ikanikataa." Alicheka mpaka akashika bega lake. "Benchi hili, mwanangu, asiyesema uongo ni ukuta tu."

Nilicheka naye, kisha nikaanza kulia, pale pale mbele ya watu. Nikamweleza yote. Hakunihukumu wala hakunibembeleza. Aliuliza kitu kimoja, "Na shangazi yako sasa anafanya kazi gani?" Nikagundua kwamba sijui. Miezi mitano, na sikuwahi kuuliza.

Mazoezi ya nyumbani yalikuwa ya ukuta. Unasimama, unatambaza vidole ukutani kama buibui mpaka pale maumivu yanapokwambia basi, unaweka alama. Mimi niliweka zangu kwa mkaa, ukuta wa jikoni. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kitovu. Mwanzo wa kusi, upepo ulipoanza kupoa, ilikuwa usawa wa kifua. Mama alikataza zisifutwe. Kila mgeni akija anaonyeshwa: "Angalieni mwanangu anavyopanda, na shangazi yake alivyomshusha." Nikawa natamani kuupaka ukuta chokaa usiku na mchana.

Mwishoni mwa kusi nikakata shauri, nikaenda Kigombe peke yangu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Nyumbani kwake sikumkuta, nikaelekezwa ufukweni, kwenye majiko ya dagaa. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amejifunga kanga kuukuu, anachota dagaa waliochemka kutoka sufuria kubwa anawamwaga kwenye chanja, na moshi unamtoa machozi. Mikono ya Shangazi Mize! Ilikuwa na malengelenge mpaka viwikoni. Wanawake waliozaa wakikandwa na mikono ile walikuwa wanapita na vichanga vyao mgongoni, wanamwamkia vizuri tu, na hakuna aliyesimama.

"Shikamoo, Shangazi."

Aligeuka. Akadondosha upawa. "Marahaba, mwanangu. Saumu! Umekuja?" Akajifuta mikono mara mbili, tatu, akanisogelea, kisha akasimama hatua moja kutoka kwangu, akakumbuka kwamba haruhusiwi kunigusa. "Bega lako?"

"Linapona, Shangazi."

"Lipandishe nione."

Nikalipandisha mpaka pale lilipofika. Akalitazama kwa makini, machozi yakaanza kumtoka, na sasa haukuwa moshi. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilivuta sana. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Mikono hii iliniambia pana kitu pale, sikuisikiliza. Nisamehe."

Ndugu msomaji, maneno yangu niliyapanga kutoka Tanga mpaka Kigombe. Yalikuwa kwenye ulimi. Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Nimekusamehe, Shangazi."

Akashukuru. Akaniombea dua. Akanifungia dagaa kwenye mfuko, wengi, wa kupeleka nyumbani, akasema nisimwambie baba wametoka wapi. Nikawabeba, tena kwa mkono wa kulia, na bega halikuuma hata kidogo. Nyumbani nilisema nimewanunua sokoni. Niliwala kwa ugali, mpaka sahani ikaisha.

Siwezi kukueleza sawasawa miezi iliyofuata. Alama za mkaa zilipanda mpaka kidevuni, mpaka puani. Nilirudi darasani, nikaandika mstari wa juu ubaoni, watoto wakapiga makofi. Watu wote walikuwa wanafurahi na mimi nilikuwa najichukia. Kila nilipopata nafuu nilikuwa naiona nimeiba. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema. Mimi maradhi yangu yalikuwa yanapona vizuri na hakuna kilio kilichokuwa kinakuja kunifichua, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwamba nitakufa nayo.

Kilichonifichua ni kilio cha dada yangu Rehema. Alijifungua mtoto wa kike, masika ya pili, akaja kwetu kulala arobaini yake kama ilivyo desturi. Uzazi wake wa kwanza alikandwa na Shangazi. Safari hii mama alimtafuta mkandaji mwingine, mwanamke wa mtaa wa pili, mikono kama pasi. Siku ya tatu nilimsikia Rehema ndani analia, si kwa maumivu ya uzazi. "Mama, namtaka Shangazi. Mwiteni Shangazi Mize, jamani."

"Baba yako kaapa," mama akasema. "Na wewe unataka mtoto huyu avunjwe kama Saumu?"

Nilikuwa jikoni, mbele ya ukuta wangu. Vidole vyangu vilikuwa vimefika juu kuliko siku zote, juu ya kichwa. Niliitazama ile alama mpya, nikachukua kitambaa kibichi, nikaifuta. Nikazifuta zote. Kisha nikatoka nje barazani, baba alikuwa ametoka kuswali alasiri anakunywa kahawa.

"Baba, sikuteleza bafuni."

Nilimweleza mpaka mwisho, vidonge, mrusho wa pili, mlio, daktari, Kigombe. Sikuacha hata dagaa. Baba hakunikatiza. Kikombe kilikuwa mkononi mwake muda wote, na nilipomaliza aliimwaga kahawa yake chini, taratibu, hadi tone la mwisho.

"Mwaka mzima na zaidi," akasema. "Idi mbili sikumpa dada yangu mkono. Aliyenifunga nepi."

"Nisamehe, baba."

"Mimi? Mimi zamu yangu mbali." Akasimama. "Vaa, twende."

Shangazi alikuwa nyumbani siku hiyo, anachambua mchele kwenye ungo uani. Alipomwona baba mlangoni alisimama, punje zikamwagika. Baba, mtu mzima mwenye mvi, alimpigia goti. "Dada, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini? Mwenye kosa mimi. Inuka, watu watakuona."

"Mwulize huyu."

Nikasema. Safari hii maneno yalitoka bila kupangwa, mengine kabla ya mengine. Shangazi alisikiliza huku anaokota punje za mchele chini, moja moja. Akauliza taratibu, bila kunitazama.

"Kwa hiyo lililia."

"Lililia, Shangazi."

"Na siku ile kule majikoni nilikwambia nisamehe."

"Ndiyo."

"Ukanisamehe."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa kinywa hicho. Na dagaa wangu ukabeba."

"Nikabeba."

Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Una roho wewe mtoto! Mimi nimeikataa mikono yangu. Nilikuwa naiangalia nikiiuliza, imekuwaje leo? Nimeacha hata kumwogesha mjukuu wangu mwenyewe, naogopa. Nimejiona nimezeeka, nimejiona nimelaaniwa." Akainua uso, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Msiniombe radhi haraka haraka mkafurahi. Kwa Rehema nitakwenda, maana Rehema hakunikosea. Lakini wewe Saumu hukuniharibia chumbani. Uliniharibia mbele za watu."

"Nitasema mbele za watu."

"Siku ya arobaini. Wanawake wote wakiwapo."

Baba alitoa kafara ya kiapo chake: kulisha masikini kumi. Nazi za wali ule nilizikuna mimi, nusu kwa mkono wa kulia nusu kwa wa kushoto, jasho linanitoka, na mama amekaa pembeni hanisaidii wala hanisemeshi. Mama ndiye aliyechelewa kunisamehe kuliko baba. Alichoshindwa kumeza si Dar es Salaam wala vidonge. Ni kwamba alisimama pale na bakuli la maji, akashuhudia, na kumbe alikuwa anashuhudia uongo.

Shangazi alihamia kwetu na chupa yake. Siku zote zilizobaki mpaka arobaini mimi ndiye niliyekuwa nachemsha maji ya majani ya mkwaju na kuyabeba mpaka mlangoni. Neno lake kwangu lilikuwa moja tu, "Maji." Siku ya kwanza nilimwona kwenye upenyo wa pazia. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akaiweka kwenye tumbo la Rehema, akaiondoa, akasema bismillahi, akairudisha. Rehema akamwambia, "Ee Shangazi, hapo hapo." Ikatulia. Nilirudi jikoni kuinua ndoo nyingine, na nakuapia, hakuna mazoezi ya fizio yaliyolijenga bega langu kuliko ndoo zile.

Siku ya arobaini wanawake walijaa, wa mjini na wa Kigombe, na wale wawili wa Tongoni pia, mama aliwaalika kwa makusudi. Bi Shirin alikuja na kitambaa cha mtoto. Baada ya dua, kabla ya sinia, nilisimama katikati ya mkeka. Nikasema jina langu, kama vile hawanijui. Nikasema bega langu halikuvunjwa na mtu, nililivunja mwenyewe nikirusha mkuki niliokatazwa, na Shangazi Mize aliniuliza maswali yote matatu, nami nikayajibu yote matatu kwa uongo. Kisha bibi mmoja akasema, "Astaghfirullah," na mwingine akasema, "Na sisi je? Tulimwuliza Mize mwenyewe hata siku moja?" Mwanamke wa Tongoni alijifunika kanga usoni. Walipokuwa wanakula nilimwona binti mmoja mwenye mimba kubwa amesogea kwa Shangazi, anamnong'oneza, na Shangazi anahesabu miezi kwa vidole.

Wewe uliyeumia, hili ndilo la kwanza ningekwambia kama ningekuwa na ujasiri wa kulitanguliza: mtu anayekugusa ili akuponye, mpe ukweli. Awe daktari, awe wa fizio, awe shangazi yako. Mazoezi utafanya, mkono utanenepa tena, nazi utakuna. Mkuki sirushi tena, nafundisha watoto, na mtoto akishika bega tu namtoa uwanjani, hata akilia. Wananiita Mwalimu Mwoga. Sawa.

Wanawake walipoondoka jioni ile nilikuwa nafagia punje za wali mkekani. Shangazi alikuwa amekaa ukutani, chupa yake kando. Aliniangalia nikifagia.

"Kaa," akasema.

Nikavuta kigoda, nikakaa nimempa mgongo. Nilisikia kizibo kinafunguka, nikasikia karafuu. Nilisikia viganja vinasuguana mafuta. Havikunigusa.

"Linauma tangu lini?"

"Tangu vuli ya mwaka juzi, Shangazi."

"Umeanguka?"

"Sikuanguka. Nilirusha."

"Lililia?"

"Lililia."

"Ungenijibu hivyo siku ile," akasema, "nisingekugusa."

Kisha akanigusa.